Sola juu ya paa la nyumba ya mwaka 1978, Makole Dodoma: nianze na paneli au nianze na mbao?

Mwalimu Mstaafu, Makole

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaishi Makole, hapa Dodoma, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu mwaka 1978, miaka mitano baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi katika mji huu. Kuta ni za tofali za kuchoma, kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, ni za mbao ambazo hakuna katika familia anayekumbuka zilitokana na mti gani, na paa la nyumba kubwa linateremka upande wa mashariki na upande wa magharibi. Mabati ya magharibi yalibadilishwa mwaka 1996. Ya mashariki ni yaleyale ya tangu mwanzo. Nyuma kuna banda la jiko na stoo lililoezekwa kwa yale mabamba mazito ya kijivu, yenye mawimbi, yanayofanana na saruji, ambayo wengi wenu mtakuwa mmeyaona kwenye nyumba za zamani za serikali.

Natumia takriban uniti 240 kwa mwezi. Nina friji, freza ambayo binti yangu anagandishia juisi za ubuyu na ukwaju za kuuza, pampu ya maji ya nguvu farasi moja, televisheni na taa. Umeme ukikatika kutwa nzima, juisi zinayeyuka na mtaji wa binti unakwenda nazo, na hilo ndilo lililonifanya nifikirie sola hata kabla ya kufikiria gharama ya LUKU.

Wiki iliyopita alikuja mtu wa sola. Alisimama uani kama dakika kumi, akapima kwa macho, akasema nahitaji paneli 8 za wati 550, na kwamba zote zifungwe juu ya lile banda la nyuma kwa kuwa ndilo pekee linaloelekea kaskazini. Hakuomba ngazi, hakuingia darini, wala hakufungua boksi la breka. Nilipomuuliza kama paa la umri huu litahimili, alijibu kuwa paneli ni nyepesi. Sikuridhika. Naomba mwenye ujuzi au aliyepitia jambo hili anieleze: nyumba kama hii ikaguliwe nini kabla ya kufungwa sola, na je, ni kweli kwamba bila kuelekea kaskazini paneli hazifai?

Fundi Seremala, Kizota

Shikamoo Mwalimu. Umefanya vema kutoridhika, kwa sababu jibu la kwamba paneli ni nyepesi ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayobomoa mapaa.

Paneli moja ya wati 550 ina uzito wa takriban kilo 28 na inafunika eneo linalokaribia mita za mraba 2.6. Maana yake ni kwamba paneli nane pamoja na reli zake zinaongeza kilo 12 hivi kwa kila mita ya mraba, na mzigo huo umetawanyika. Fundi mwenye kilo 75 anayesimama mahali pamoja analitesa paa kuliko hizo paneli. Kenchi zilizo nzima zinahimili uzito huo. Tatizo ni upepo, na hasa upepo unaoingia chini ya paneli na kuinyanyua. Wewe ni mkazi wa Dodoma na unajua kinachotokea kuanzia Julai mpaka Oktoba. Upepo ukifika mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, msukumo wake unakaribia niutoni 550 kwa kila mita ya mraba, na kwa paneli moja hiyo ni nguvu ya kiasi cha kilo 145 inayovuta kwenda juu. Sasa kitu chenye kilo 28 kinavutwa juu kwa nguvu ya kilo 145; kinachokizuia kisiruke ni skrubu, papi (ule ubao wa juu ya kenchi unaoshika bati) ambamo skrubu imeingia, msumari unaoshika papi kwenye kenchi, na kile kinachoishika kenchi kwenye ukuta. Kiungo kimoja kati ya hivyo kikiwa kibovu, vilivyobaki havina msaada.

Kwa hiyo panda darini na tochi na bisibisi yenye ncha. Kila kenchi ichome kwa bisibisi sehemu tatu: pale inapokalia ukuta, pale mbao zinapokutana katikati, na juu kileleni mwa paa. Ubao mzima unaikataa bisibisi baada ya milimita mbili au tatu. Uliooza au kuliwa unaipokea kama mkate. Angalia njia za mchwa, yaani vile vijimfereji vya udongo vinavyopanda ukutani mpaka kwenye mbao, na angalia unga laini wa bungua juu ya dari. Kisha tazama pale kenchi inapokalia ukuta. Nyumba nyingi za miaka ile kenchi imewekwa tu juu ya ubao wa ukutani na kupigwa misumari miwili ya mshazari, bila nondo wala utepe wa chuma wa kuifunga kwenye tofali. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, kuzifunga kenchi kwa utepe wa chuma ni kazi ya siku mbili, na ningeifanya hata kama ungeamua kutoweka sola kabisa.

Jambo jingine ni umri wa bati. Paneli nzuri inauzwa kwa matarajio ya kufanya kazi miaka 25. Ukiifunga juu ya bati lililobakiza miaka mitano, baada ya miaka mitano utalipa fundi wa kuishusha, fundi wa kuezeka, na fundi wa kuirudisha. Badilisha bati kwanza, angalau upande utakaobeba paneli.

Na skrubu zipite juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde maji yanapopita, ziwe na mpira wake, na kila moja iingie ndani ya mbao. Ukimwona mtu anafunga mguu wa reli kwenye bati tupu pasipo na papi chini, mwambie ashuke.

Afisa Afya Mstaafu, Chamwino

Mwalimu, mimi nitazungumzia lile banda la nyuma tu, na naomba ulichukulie kwa uzito wote.

Mabamba ya kijivu yenye mawimbi ya miaka ya sabini yana uwezekano mkubwa wa kuwa na asbesto. Kwa macho hakuna anayeweza kuthibitisha, kwa kuwa yapo pia mabamba ya saruji yasiyo na asbesto, na uthibitisho unatoka maabara. Lakini kwa umri wa nyumba yako, busara ni kuyahesabu kuwa ni asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bamba likiwa zima na halijaguswa, nyuzi zake zimeshikwa na saruji na hazina madhara makubwa kwa anayeishi chini yake. Likitobolewa kwa drili, likikatwa kwa msumeno, likivunjika au kusuguliwa kwa brashi, linatoa vumbi lenye nyuzi nyembamba zisizoonekana ambazo zikishaingia mapafuni hazitoki. Saratani zinazosababishwa na nyuzi hizo hujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, na ndiyo maana watu hawaoni uhusiano kati ya kazi ya siku moja ya ujana wao na ugonjwa wa uzeeni. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kuwa aina zote za asbesto zinasababisha saratani.

Piga hesabu ya yule bwana na drili yake: paneli nane, kila moja na miguu yake, matundu yasiyopungua thelathini, kijana wake akiwa amepiga magoti bila barakoa, na chini kuna jiko ambalo binti yako anatengenezea juisi. Tena mabamba hayo hukauka na kuwa mepesi kuvunjika kadiri yanavyozeeka. Mtu akiyakanyaga katikati ya papi anaweza kutumbukia mpaka sakafuni.

Usiruhusu mtu yeyote ayatoboe, ayakwangue wala ayakanyage. Ikiwa siku moja utataka kuyaondoa, wasiliana na ofisi ya mazingira ya jiji au na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira ili uelekezwe. Namna ya kuyaondoa ni kuyalowesha maji kwanza, kuyashusha mazima bila kuyavunja, kuyafunga kwa plastiki nzito na kuyapeleka mahali palipotengwa kuyafukia. Usimpe jirani akaezekee banda la kuku. Nimeliona hilo likifanyika mara nyingi mno katika kazi yangu, na kila mara aliyepewa alishukuru kwa moyo mmoja.

Mkazi wa Manyoni

Habari zenu. Niongeze ushuhuda kwa aliyosema Fundi Seremala kuhusu upepo.

Mwaka juzi nilifunga paneli sita kwenye nyumba ya wazee wangu. Waliofunga walikuja asubuhi na kumaliza kabla ya saa tisa alasiri, na nilifurahia wepesi wao. Mwezi wa nane, usiku, tulisikia paa linagonga kwa mapigo ya kufuatana, kama mtu anayebisha hodi kwa kiganja. Asubuhi tulikuta paneli mbili za pembeni, zile zilizotokeza kupita ukingo wa paa, zimejipinda na reli yake, na bati lililokuwa chini limekunjuka pamoja nazo. Nilipopanda niliona kwamba skrubu nane kati ya kumi na mbili za upande ule hazikuwa zimegusa mbao hata kidogo. Matundu yake, ambayo awali yalikuwa duara, yalikuwa yamepanuka na kuwa marefu kama mbegu ya tikiti, kwa ule mtikisiko wa wiki nyingi ambao hatukuwa tumeusikia.

Tulirekebisha tuliyoyaona. Tusiyoyaona yalijitokeza Desemba mvua zilipoanza: dari la chumba cha mama lilichora madoa ya kahawia, duara ndani ya duara, kila doa chini ya tundu lake. Walionifungia walisema upepo ni kazi ya Mungu. Mimi nasema kwamba upepo wa kiangazi wa Manyoni unajulikana tangu enzi za mababu, na anayefunga kitu juu ya paa katika mkoa wa Singida anapaswa kuja akiwa ameshauwazia.

Ushauri wangu ni kwamba paneli zisitokeze nje ya ukingo wa paa hata kwa shubiri moja. Ziingizwe ndani angalau sentimita 30, kwa kuwa pembeni ndiko upepo unakovuta zaidi. Nyingine ni kwamba usilipe fedha yote kabla hujapanda mwenyewe, au kumpandisha mtu unayemwamini, akahesabu skrubu darini kwa tochi. Skrubu iliyoingia kwenye mbao huioni ncha yake. Unayoiona ncha imekosa.

Mwalimu Mstaafu, Makole

Nawashukuru sana, na Afisa Afya umenitoa jasho. Banda la nyuma nimelifuta kabisa katika mpango huu, na nimemkataza mjukuu wangu kupanda juu yake kuokota mpira.

Jana nilimwita fundi mbao wa hapa mtaani, mtu mzima, tukaingia darini. Naeleza tuliyoyakuta ili mwenye nyumba ya rika hili ajue pa kutazama. Kwanza ni harufu: popo wamekaa upande wa mashariki kwa miaka, na kinyesi chao kimelundikana juu ya silingibodi kama kina cha vidole viwili, kwa hiyo tulijifunga vitambaa puani. Tulipozima tochi, upande huo wa mashariki ulionekana kama anga la usiku, kila tundu la msumari likipitisha nukta ya jua. Upande wa magharibi ulikuwa giza tupu. Kenchi ziko tisa. Saba ziliikataa bisibisi. Mbili za mwisho, upande wa mashariki juu ya chumba cha wageni, zina njia za mchwa zilizopanda kwenye ufa wa kona, na kwenye moja bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Fundi aliubonyeza ubao kwa kidole gumba na ukabonyea. Kwa nje ulikuwa umebaki ganda tu, lenye rangi nzuri na alama ya penseli ya seremala wa mwaka 1978.

Hakuna kenchi hata moja iliyofungwa kwenye ukuta. Ni misumari miwili ya mshazari, kama alivyosema Fundi Seremala, naye hajawahi kuiona nyumba hii.

Sasa nabaki na upande wa magharibi, wenye mbao nzima na bati la 1996 ambalo lina kutu kwenye kingo lakini halivuji. Je, magharibi panafaa? Na je, nyaya za nyumba ya umri huu zinaweza kupokea inveta, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa kutumika nyumbani?

Fundi Umeme, Nkuhungu

Mbukwenyi! Mwalimu, nianze na kaskazini, maana wengi wanaisikia kauli hiyo na kuishika kama sheria.

Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, na kuanzia Oktoba hadi Machi linakuwa upande wa kusini wetu, si kaskazini. Kwa mwaka mzima kaskazini inashinda, lakini kwa paa lenye mteremko mdogo, kama nyuzi 10 hadi 15, tofauti kati ya kaskazini na magharibi haifiki sehemu moja ya kumi. Kufunga paneli magharibi juu ya mbao nzima ni bora mara nyingi kuliko kuzifunga kaskazini juu ya asbesto. Kinachobadilika ni saa: magharibi itakupa umeme mwingi kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na moja jioni, na hilo linaifaa freza.

Pili, idadi. Unatumia uniti 240 kwa mwezi, yaani uniti 8 kwa siku. Hapa kwetu mtu anaweza kuhesabu saa tano na nusu za jua kamili kwa siku kwa wastani wa mwaka. Paneli nane za wati 550 ni kilowati 4.4, zidisha kwa 5.5, kisha toa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa nyaya na inveta, utapata uniti 18 kwa siku. Nusu ya hizo hutakuwa na pa kuzipeleka, na kurudisha umeme kwenye gridi si jambo la kufanya bila makubaliano na TANESCO. Paneli tano zitakupa uniti 11 hivi siku ya jua, na siku za mawingu za Januari gridi itajazia. Kwa hiyo mzigo juu ya paa la marehemu baba unashuka kutoka kilo 224 hadi kilo 140, na eneo la kushikwa na upepo linapungua kwa kiasi hichohicho.

Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na paneli. Paneli inapimwa kiwandani ikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati letu la Oktoba inafika 60 na zaidi, na kila nyuzi moja inayozidi inapunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.35. Kwenye nyuzi 60, paneli ya wati 550 imebaki na kama wati 480. Ikibanwa kwenye bati bila hewa, inashuka zaidi.

Sasa nyaya, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo nyumba za zamani zinapoungua. Kabla ya inveta kuingia, mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, apime nyaya zote za nyumba kwa kifaa cha kupimia uzima wa ganda la waya. Nyaya za mwaka 1978 zilizopita darini kwenye joto, juu ya kinyesi cha popo na karibu na panya, mara nyingi ganda lake limekakamaa na kupasuka. Kama boksi lako bado lina fyuzi za waya, badilisha, na uweke breka kuu inayokatika yenyewe umeme unapovuja. Usiunganishe nyumba nzima kwenye inveta. Tenga saketi ya friji, freza, taa na televisheni. Pasi na jagi la umeme vibaki kwenye gridi. Pampu ya nguvu farasi moja ni wati 746, lakini inapoanza inavuta mara tatu mpaka sita ya hapo kwa muda mfupi, na inveta ya kilowati 3 inaweza kuikataa. Ukichukua ya kilowati 5 utalala salama. Na inveta hiyo iwe inayojitenga na gridi mara tu umeme wa TANESCO unapokatika, vinginevyo fundi aliye juu ya nguzo akirekebisha laini atapigwa na umeme uliotoka kwako.

Paneli tano zilizounganishwa kwa mfululizo zinakaribia volti 250 za umeme usiobadili mwelekeo. Umeme wa aina hii ukiachia cheche haizimiki kirahisi kama ile ya umeme wa kawaida, kwa hiyo breka zake ni maalumu, na breka ya kawaida ya ukutani haifai hata kama bei yake inavutia. Nyaya zake zisipite tupu darini. Ziwekwe ndani ya bomba.

Ethi, yaani fimbo na waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ndiyo inayonisumbua zaidi Dodoma. Udongo wetu ni mkavu miezi saba ya mwaka, na ukavu huo unazuia umeme kuingia ardhini. Fimbo moja fupi iliyopigwa mwezi wa nne wakati udongo una maji itasoma vizuri, kisha mwezi wa kumi itakuwa haina kazi. Ipimwe kiangazi, ambacho ndicho kipindi tulicho nacho sasa. Mafundi wengi tunalenga chini ya ohmu 10, na nyumba nyingi hapa zinahitaji fimbo mbili au tatu zilizopigwa mbalimbali na kuunganishwa. Mkaa na chumvi ambavyo wengine wanafukia husaidia kwa muda, lakini chumvi inaila fimbo. Fremu za paneli na reli ziunganishwe kwenye ethi hiyohiyo, na ziwekwe kinga za radi pande zote mbili za inveta.

Kuhusu fedha, nisikudanganye. Tarifu ya kawaida tunalipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi. Sola ikikubebea uniti 7 kwa siku, unaokoa kama laki tisa kwa mwaka. Chukua gharama yoyote utakayotajiwa, pamoja na mbao, ugawanye kwa laki tisa, upate miaka. Mwenye nyumba anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi na kulipa ile tarifu ndogo ya shilingi 100 kabla ya kodi, mimi humshauri asiingie gharama hii kwa lengo la kuokoa. Wewe una sababu nyingine, ambayo ni freza ya binti, na hiyo ina hesabu yake.

Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 100 inabeba karibu uniti 5, na kwa friji, freza na taa usiku mmoja inatosha. Iwekwe stoo penye hewa, isiwekwe darini hata siku moja.

Mama wa Ipagala

Mwalimu, mimi nina sola mwaka wa nne sasa, na nitasema mawili yanayosahaulika.

La kwanza ni kivuli. Je, una tangi la maji kwenye mnara, au mwarobaini? Paneli zikiwa zimeunganishwa kwa mfululizo, kivuli kinachofunika kona ya moja kinaweza kuzipunguza zote. Mimi mwarobaini wa jirani ulinila saa mbili kila jioni mpaka tulipokubaliana akate matawi. Wekeni alama mahali kivuli kinapofika saa tisa, saa kumi na saa kumi na moja, na mkumbuke kwamba kivuli cha Juni si cha Desemba. Juni jua linazama kaskazini kidogo ya magharibi na kivuli kinalala kuelekea kusini, Desemba kinageuka.

La pili ni maji ya kuoshea. Vumbi letu jekundu linataka paneli zioshwe kila baada ya wiki mbili au tatu kiangazi, lakini maji yetu ya visima vya Makutupora ni magumu, yana chokaa. Mwanzo nilikuwa namwagia na kuacha yakauke juani, na baada ya miezi michache kioo kikaweka ukungu mweupe usiotoka kwa kitambaa. Sasa naosha alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa maji ya mvua niliyoyahifadhi, na yakiisha natumia ya bomba ila nayafuta yote kabla jua halijapanda. Sitii sabuni ya unga wala sisugui kwa brashi ngumu.

Mwalimu Mstaafu, Makole

Mama wa Ipagala, tangi ninalo, lita elfu mbili juu ya mnara, pembe ya kaskazini-magharibi. Mjukuu amepanda ngazi na chaki siku tatu mfululizo. Saa tisa kivuli bado kiko ukutani. Saa kumi kinagusa ukingo wa bati. Saa kumi na moja kasoro robo kinafika mgongo wa saba wa bati kutoka kaskazini. Kwa kuwa sasa ni mwishoni mwa Juni, naelewa kwamba hapa ndipo kitakapofika mbali zaidi kuelekea kusini. Paneli tano zinaingia kuanzia mgongo wa kumi kwenda kusini na bado inabaki nafasi ya zaidi ya nusu mita kabla ya ukingo.

Nimeamua hivi. Kenchi mbili za mashariki zitawekewa mbao mpya ubavuni kwa bolti, mchwa watapigwa dawa mpaka kwenye ufa wa kona, na kenchi zote tisa zitafungwa ukutani kwa utepe wa chuma. Bati la magharibi nalibadilisha sasa, la mashariki mwakani. Paneli tano, inveta ya kilowati 5, betri moja. Yule bwana wa paneli nane nimempigia na kumweleza kwa heshima kwamba sitaendelea naye. Alisema nimepotoshwa, nami nikamsomea aliyoyaandika Afisa Afya kuhusu drili na vumbi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na yale ya nyumba aliyofunga mwezi uliopita huko Area C nayo ni hatari. Nimempa maelezo ya mahali pa kuuliza.

Swali langu la mwisho ni kwa Fundi Seremala: kazi ya mbao na bati ianze lini?

Fundi Seremala, Kizota

Ianze wiki hii, Mwalimu. Kenchi na utepe vifungwe kwanza bati la zamani likiwa bado juu, ili paa lisikae wazi huku kenchi hazijashikwa. Bati litolewe asubuhi mapema, kipande kwa kipande, na kila kilichotolewa kirudishiwe kipya kabla ya saa saba mchana, kwa sababu upepo wa Julai unaamka mchana na bati lililoshikwa na msumari mmoja ni panga. Fundi atakapopiga papi, mwombe aweke mpya mahali hasa miguu ya reli itakapokaa, na achore kwa rangi juu ya bati kuanzia mgongo wa kumi ilipo kila papi, ili wafunga paneli wasibahatishe. Popo waachwe watoke wenyewe jioni, ndipo matundu yazibwe.